Mafuta ya mbegu za hempu: ni bangi, ni dawa, au ni alizeti iliyovaa koti la kijani?

Mwezi wa saba Dodoma kila mtu anaujua. Upepo unaanza mapema, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sukari, unajipaka saa mbili asubuhi ikifika saa nne ushapauka kama umelalia unga, na magaga ya watu miguuni yanafika hatua ya kuchana mashuka. Ndo msimu wa wauza mafuta ya kupaka. Wifi yangu anaekaa Nkuhungu naye akanunua krimu yake mjini, kopo la kijani zuri tu, akaliweka juu ya droo chumbani. Wiki hiyohiyo mama mkwe wake, yani mama yangu mzazi, akaja kutoka Kongwa kusalimia wajukuu, akaona kwenye kifuniko pana picha ya lile jani lenye vidole saba. Hakuuliza mtu. Alilifunga kwenye kitenge kikuukuu, akalisukumia nyuma ya dumu la maji jikoni, jioni ndo akamwita wifi pembeni: "Mwanangu, mumeo anajua?"

Picha ya kopo ikaja kwangu watsapu na swali moja, wifi hii ni bangi au sio bangi? Kaniuliza mimi kwa sababu nashinda Kizota kwenye mashine ya kukamua alizeti, kazi yangu ni kupima mafuta, kwahiyo kwenye ukoo wetu chochote chenye mafuta naulizwa mimi, mpaka ya breki. Nikaanza kumjibu kwa voisi, ya kwanza dakika nne, ya pili sita na bado nilikuwa sijafika hata katikati, nikaona bora niandike maana hili jambo ni mafundo yaliyofungana, ukivuta moja lingine linakaza.

Fundo la kwanza ni maneno yetu wenyewe. Kiswahili kina neno bangi, basi, na hilo tulilipata kwenye biashara za Bahari ya Hindi, ndo lile bhang la Wahindi, likaja likiwa na maana ya kitu cha kulewesha. Mmea wa kutoa kamba na mbegu za kula haukuwa na kazi huku kwetu kwahiyo haukupewa jina lake. Sasa leo mtu akitaka kutafsiri lebo iliyoandikwa "hemp" ana njia mbili na zote mbovu. Aandike bangi, watu wakimbie. Au aandike katani, watu wafikirie Tanga. Hiyo ya pili nishakutana nayo, tangazo la "mafuta ya mbegu za katani", nikabaki najiuliza mkonge una mbegu gani za kukamua. Mkonge asili yake Mexico, ni ndugu wa alovera kuliko kuwa ndugu wa bangi. Mi hapa nitasema hempu, tuelewane hivyo.

Hempu na bangi ni mmea mmoja. Hapa watu huwa wanataka nidanganye kidogo niseme ni mimea miwili tofauti, hapana, jina la kisayansi ni moja, Cannabis sativa, jani ni lilelile na mama hakukosea kulitambua. Fikiria muhogo. Muhogo mtamu unautafuna mbichi shambani, muhogo mchungu ukifanya hivyo unaweza usiione jioni, na ukimuuliza mtaalamu wa mimea anakwambia yote ni muhogo, tofauti ni kiasi cha sumu kilichomo. Hempu iko hivyohivyo, ni aina zilizochaguliwa miaka na miaka kwa ajili ya nyuzi na mbegu, zenye kiasi kidogo sana cha THC, ile kemikali inayopandisha watu kichwa. Marekani kwenye sheria yao ya kilimo ya 2018 waliweka mstari kwenye asilimia 0.3 ya uzito wa mmea mkavu. Ulaya walikuwa na 0.2 wakapandisha ikawa 0.3 mwaka 2023. Huo mstari umechorwa na watu wa sheria, mmea wenyewe hauujui.

Halafu kuna mbegu. Mbegu yenyewe haitengenezi THC hata ikiwa imetoka kwenye bangi kali. THC inatengenezwa kwenye vinyweleo vidogo vyenye utomvu ambavyo vimejaa kwenye maua na kwenye vile vijani vidogo vinavyoifunga mbegu. Tatizo linakuja wakati wa kuvuna. Wewe uliewahi kupiga alizeti na fimbo unajua, mbegu zinatoka na vumbi, vipande vya ua, na ule ungaunga unaonata kwenye vidole hadi kucha zinakuwa nyeusi. Hempu ikipigwa nayo inatoka na utomvu umegandia ganda la mbegu, ukikamua bila kupepeta na kusafisha vizuri ule utomvu unayeyuka kwenye mafuta maana THC inapenda mafuta. Kwahiyo THC kwenye mafuta ya mbegu ni uchafu wa nje, na kiasi chake kinategemea usafi wa kiwanda.

Kiasi gani? Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 7.5 kwa kilo ya mafuta, Kanada wao 10. Tupige hesabu kidogo. Kijiko kikubwa cha mafuta ni kama gramu 14, kwahiyo mafuta yaliyofika kabisa kwenye kikomo cha Ulaya yatakupa THC kama miligramu 0.1. Vidonge vya THC wanavyopewa wagonjwa huko nje kuwazuia kutapika au kuwarudishia hamu ya kula vinaanzia miligramu 2.5. Unahitaji vijiko 25 kwa mkupuo kufika hapo na tumbo litakuwa limeshakukimbiza chooni zamani sana. Lakini nisiwe muongo, haileweshi sio sawa na kusema haina kitu. Wataalamu wa usalama wa chakula Ulaya walisema mwaka 2015 kwamba mtu asizidishe mikrogramu 1 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yani mtu wa kilo 60 ni miligramu 0.06, kwahiyo kijiko kile kimoja kilichofika kikomo tayari kimempita. Na miaka ya 1990 huko Marekani kuna watu walikunywa mafuta ya hempu ya dukani, wakapimwa mkojo, wakakutwa na dalili za bangi bila kuvuta hata pafu moja. Usafishaji umeboreshwa sana tangu hapo, ila dereva wa malori au askari anaepimwa kazini mi nisingemshauri ajaribu bahati.

Sasa fundo ambalo ndo linalipa watu hela, CBD. Ukisikia mafuta ya bangi yanatibu kifafa, hiyo habari ina ukweli ndani yake, ila sio ya mafuta haya. CBD ni kemikali nyingine ya mmea uleule, haileweshi, inapatikana kwenye maua na majani, inatolewa kwa spiriti au kwa gesi ya kaboni iliyogandamizwa, na mwaka 2018 Marekani walipitisha dawa yake iitwayo Epidiolex kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Ile ni dawa iliyosafishwa, inapimwa kwa kilo za mtoto, inaandikwa na daktari. Mafuta ya mbegu CBD yake ni kama hamna, mabaki tu kama yale ya THC. Halafu muuzaji anachukua mafuta ya mbegu, anayatia kwenye kichupa chenye kidondoshi kama cha dawa ya macho, anaandika "hempu 5,000 mg", na mama mwenye mtoto wa kifafa anatoa laki yake. Hebu igeuze hiyo namba. Miligramu 5,000 ni gramu 5. Kijiko cha chai kimoja cha mafuta ya kula! Hapo hakuna alieandika uongo kwenye lebo na bado umeibiwa.

Kama ni kipodozi angalia orodha ya viambato nyuma ya kopo. Ukiona "Cannabis Sativa Seed Oil" hayo ni mafuta ya mbegu, na hilo neno "Seed" ndo linabeba kila kitu, likiwepo ni mbegu. Kingine, viambato vinaandikwa kwa mpangilio wa wingi, kilicho kingi kinaanza, ila vile vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Kopo la wifi nililikuza kwenye simu hadi picha ikaanza kupasuka: maji, mafuta ya madini yale ya kwenye vaselini, gliserini, nta, manukato, na baada ya manukato ndo hempu wetu, kabla ya rangi ya kijani. Manukato yenyewe huwa hayafiki hata asilimia 1 kwenye krimu nyingi. Kwahiyo pale ndani kulikuwa na tone. Jani kwenye kifuniko ndo lilikuwa kubwa.

Tuje kwenye mafuta yenyewe sasa, maana hapa ndo nyumbani kwangu.

Mbegu ya hempu ina mafuta kama asilimia 25 hadi 35, protini robo hivi. Inakamuliwa kwa mashine ya parafujo kama tunazotumia kwenye alizeti, ila wao wanajitahidi isipate moto, na kinachobaki ni mashudu kama ya kwetu. Yanayotoka ni ya kijani iliyoiva, wengine yanatoka karibu na kijani cha chupa ya bia, na yana ladha ya karanga mbichi yenye ukakasi kidogo. Ukijani ni klorofili, rangi ileile ya majani. Watu wanaipenda wakidhani ni dalili ya afya, kumbe kwa mtu wa mafuta ile ni kero, nitaeleza.

Mafuta yoyote ni minyororo ya kaboni. Kwenye hempu na alizeti minyororo mingi ina kaboni 18, tofauti iko kwenye idadi ya viungo vya mara mbili, zile sehemu ambazo mnyororo umejikunja. Oleiki ina kiungo kimoja, linoleiki ambayo ndo omega 6 ina viwili, na alfa-linoleniki ambayo ni omega 3 ina vitatu. Mwili wako unaweza kujitengenezea oleiki, hizo mbili za mwisho hauwezi, lazima ule. Alizeti ya kawaida ya Kongwa au Singida imejaa linoleiki, nusu yake na zaidi, ila omega 3 ni kama haipo, haifiki hata nusu ya asilimia. Hempu ina linoleiki asilimia 50 hadi 60 na juu yake ina omega 3 kati ya 15 na 25. Ndo maana utasikia wanajisifia uwiano wa tatu kwa moja. Hiyo sifa ni ya kweli na ndo kitu kikubwa cha tofauti walichonacho, mimi nawapa.

Wana na cha ziada, gama-linoleniki, kwa kifupi GLA, asilimia 1 hadi 4 hivi, pamoja na kidogo cha asidi stearidoniki. Hizi hazimo kwenye mafuta mengi ya kula. Umuhimu wake ni kwamba mwili ukila linoleiki unatakiwa uibadilishe kwanza iwe GLA kwa kutumia kimeng'enya kimoja kivivu sana, na kimeng'enya hichohicho ndo kinachotakiwa kushughulikia omega 3 ya mimea nayo, kwahiyo kuna foleni. Ukila GLA yenyewe umeruka foleni. Ila foleni ya omega 3 iko palepale, ile ya kwenye mbegu ni asilimia chache tu inayogeuka kuwa zile omega 3 ndefu zinazotumika kwenye moyo na ubongo, ambazo ukila samaki unazipata zimeshatengenezwa. Mtu wa Dodoma mwenye dagaa wake wa elfu mbili ameshapita dirisha ambalo mwenye chupa ya hempu bado yuko kwenye mstari.

Vitamini E je? Hapa wauzaji huwa wanaongea haraka. Hempu ina vitamini E nyingi ukijumlisha aina zote, lakini iliyotawala ni ya gama, na mwili wa binadamu unaishikilia ya alfa na kuitupa sehemu kubwa ya gama. Mafuta gani yana alfa nyingi? Alizeti. Mi sipati kamisheni kwa kusema hivi.

Sasa turudi kwenye ule ukijani na vile viungo vya mara mbili. Viungo hivyo ndo milango ambayo hewa ya oksijeni inaingilia, na mafuta yanachacha. Mnyororo wenye milango mitatu unaharibika karibu mara mbili ya kasi ya wenye miwili. Klorofili nayo ikipigwa na mwanga inaisaidia oksijeni kushambulia. Kwahiyo mafuta ya hempu kwenye chupa nyeupe dirishani kwenye jua la Dodoma ni kazi bure, ndo maana yanauzwa kwenye chupa nyeusi na watu wanayaweka kwenye friji. Mwaka jana nilifanya kamchezo na alizeti yetu ambayo haijasafishwa, nikajaza chupa mbili ndogo, moja nikaiacha kwenye dirisha la ofisi linalopigwa jua la mchana, moja kabatini. Wiki ya tatu ya dirishani ilikuwa imepauka rangi na ukifungua kifuniko inakupiga harufu ya penseli iliyochongwa na ubao wa zamani. Ya kabatini ilikuwa inanukia mbegu. Na alizeti hiyo ni mvumilivu! Yenye omega 3 nyingi ikichacha inanuka zaidi ya hapo, inaelekea harufu ya rangi ya kupaka milango, na sio kwa kufananisha tu. Maabara tunatumia namba ya iodini kupima hiyo milango iko mingapi, alizeti ya kawaida inacheza kati ya 118 na 141, hempu 145 hadi 165 hivi, kitani (flax, sio katani) 170 kwenda 200, na kitani ndo mafuta yanayotengenezea rangi kwa sababu yakikutana na hewa yanakauka yanakuwa ngozi ngumu. Hempu iko katikati ya kikaango na brashi ya fundi rangi, zamani ilishawahi kutumika kwenye taa, sabuni na rangi.

Kukaangia ndo sahau kabisa. Yakiwa hayajasafishwa yanaanza kutoa moshi kwenye nyuzi 165 hivi, na maandazi yanataka 170 hadi 180. Wanaoyatumia wanayamwagia kwenye kachumbari au uji ulioshapoa.

Utafiti unasema nini? Hapa nilikaa muda mrefu kidogo maana ndo swali la wifi lenyewe, yanasaidia ngozi au hayasaidii.

Utafiti unaotajwa kila mahali ulifanyika Finland, mji wa Kuopio, ukachapishwa 2005. Walichukua wagonjwa 20 wa pumu ya ngozi, kila mmoja akatumia mafuta ya hempu kwa kipindi na ya zeituni kwa kipindi kingine, jumla wiki 20. Wakati wa hempu ukavu na muwasho ulipungua na watu wakapunguza kutumia dawa zao za ngozi. Safi. Lakini soma vizuri: waliyanywa. Vijiko viwili vikubwa kila siku. Hawakujipaka, halafu ni watu 20. Krimu zinazotumia huo utafiti kwenye matangazo ni kama mtu auze ndala kwa kusema mbio za marathoni zinaimarisha moyo. Na kama siri ni GLA, basi kuna mafuta yenye GLA nyingi kuliko hempu, yale ya mbegu za maua ya primirozi na boraji, mwaka 2013 wakaguzi wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima tafiti za tiba, walizikusanya tafiti 27 za hayo mafuta kwa pumu ya ngozi na jibu lao lilikuwa hayazidi dawa bandia, yani ile wanayopewa watu kwa kulinganisha tu. Mi nikiviweka hivyo viwili pamoja, naona mlango wa hempu haujafungwa ila nisingeweka hela yangu.

Kwenye moyo, Finland hukohuko mwaka 2006, watu 14 wenye afya, wiki nne hempu, wiki nne kitani, mililita 30 kwa siku. Hempu ilishusha kidogo uwiano wa kolesteroli yote na ile nzuri. Mwaka 2008 Kanada wakachukua watu 86 kwa wiki 12, kundi moja mafuta ya samaki, lingine kitani, lingine hempu, na kundi la nne ndo lililonichekesha peke yangu ofisini, kundi la dawa bandia, lile la "hatujawapa kitu", lilipewa mafuta ya alizeti. Mwisho wa siku hakuna kundi lililobadilika kolesteroli wala kuganda kwa damu. Dozi ilikuwa ndogo, gramu 2 tu kwa siku, kwahiyo huwezi kusema hempu imeshindwa kabisa, ila unaweza kusema vidonge viwili vitatu vya hempu kwa siku havijamshinda alizeti.

Iran walijaribu kwa wagonjwa wa multiple sclerosis (MS), ule ugonjwa wa kinga kushambulia mishipa ya fahamu, wakaona nafuu. Shida waliwapa hempu ikiwa imechanganywa na primirozi pamoja na mlo maalumu, sasa utajuaje nani kafunga goli.

Kuhusu kujipaka, kinachojulikana ni kwamba linoleiki ni sehemu ya ukuta wa ngozi, ule unaozuia maji yasitoke, na mafuta yenye linoleiki nyingi yanausaidia. Hempu anayo. Alizeti anayo. Na kwa alizeti kuna jaribio ambalo hempu hana la kufanana nalo, Dhaka huko Bangladesh, watoto njiti wakiwa hospitali walipakwa mafuta ya alizeti, na matokeo yaliyotoka 2005 yalionyesha maambukizi ya hospitalini yamepungua kwa asilimia 41. Ilikuwa chini ya madaktari, tafadhali usiende kumpaka njiti mafuta ya dumu kwa sababu umesoma hapa.

Utafiti unaonivutia mimi binafsi hauna hata uhusiano na dawa. Manitoba, Kanada, walilisha kuku wa mayai mbegu na mafuta ya hempu, na omega 3 kwenye kiini ikapanda. Huku tunalisha mashudu ya alizeti na pumba tukitegemea protini tu, wakati mafuta anayokula kuku yanahamia kwenye yai karibu yalivyo. Connecticut, Marekani, mwaka 2010 waligeuza mafuta ya hempu kuwa dizeli, asilimia 97 yakageuka. Australia wakayatengenezea gundi ngumu ya kushikia nyuzi badala ya ile ya petroli, palepale kwenye vile viungo vya mara mbili vinavyotuharibia mafuta jikoni. Kibaya cha mpishi kikawa kizuri cha mhandisi.

Sasa usije ukapata wazo la kulima Chemba. Mkataba wa kimataifa wa 1961 uliacha nje kilimo cha mmea huu kwa ajili ya nyuzi na mbegu, na majirani wameanza, Malawi walipitisha sheria yao 2020, Zambia 2021, Lesotho walishatangulia kutoa leseni za bangi ya dawa 2017. Kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inafanya kulima mmea huu kuwa kosa, na hakuna askari atakaesimama shambani akupimie asilimia 0.3. Hata kuagiza kichupa mtandaoni ni kujitafutia maelezo marefu na watu wasiopenda maelezo marefu. Vipodozi na vyakula tangu 2019 viko TBS, ukitaka kujua krimu yako imesajiliwa wao ndo wa kuuliza, sio mimi wala muuzaji. Anaetaka omega 3 ya mbegu ana kitani na chia, vinauzwa sokoni bila mtu kukuangalia mara mbili.

Yote hayo nikayaandika nikamtumia wifi, akamsomea mama jikoni huku anachambua mlenda. Mama akasikiliza hadi mwisho, akauliza: "Kumbe humo bangi ni tone tu, na tone lenyewe halileweshi?" Wifi akamwambia ndio mama. "Sasa jani lote hilo wamechora la nini?"

Wifi akalitoa kopo nyuma ya dumu, akachukua kisu cha mboga, akakwangua kifuniko mpaka kikabaki cheupe. Saivi liko juu ya droo, na mama kabla hajarudi Kongwa alishapaka magaga yake mara mbili.